Picha ya Tumbo la Leokadia

Mwezi uliopita waliniingiza kwenye siti skani, mimi niliyewaingiza watu kwenye mashine kwa miaka thelathini na tano. Nililazwa chali kwenye kile kitanda chembamba, mikono juu kama mtu aliyekamatwa, na sauti ya mwanamke nisiyemwona ikaniambia nibane pumzi. Nikabana. Kisa ni vijiwe vya figo, ambavyo kwa umri wangu wala si habari. Nilipokwisha kuvaa nikamwomba kijana wa mashine anionyeshe picha, nikamweleza kwamba na mimi nilikuwa wa kazi hiyohiyo, na yeye, kwa heshima au kwa kunihurumia, akanivutia kiti. Akawa anateremsha picha moja baada ya nyingine, tumbo langu limekatwa slesi kama mkate, ini, wengu, figo na vijiwe vyake, na kila kitu akinieleza polepole kama mtu anayemfundisha bibi yake kutumia simu. Nikamwambia arudi juu kabisa, kwenye picha za mwanzo, pale mashine ilipoanzia kabla ya kulifikia tumbo lenyewe. Akarudi. Pale palikuwa na kitako cha moyo wangu, na kwenye mshipa wake vidoa vitatu vyeupe kuliko mfupa. Nikamwuliza, na hivi je? Akanijibu bila ubaya wowote: "Bibi, wewe umeandikiwa tumbo."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na maskini kijana akadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamwambia aandike tu, mjukuu wangu, kwamba kuna chokaa kwenye mishipa ya moyo, na wenye kujua watajua la kufanya. Akaenda kumwita mkubwa wake, mkubwa akatazama, akakuna kidevu, ikaandikwa, na ndiyo maana sasa nina dawa za aina mbili kwenye kabati la vyombo. Lakini njiani kurudi nyumbani sikuwa nikiuwaza moyo wangu hata kidogo. Nilikuwa Kibondo, katika miaka ile ya sabini, asubuhi ya ukungu, nina miaka ishirini na mbili, na mikono yangu inanuka dawa ya kuoshea picha. Nilikozaliwa na nani alinizaa, hayo tuyaache. Mimi najiona kama niliyezaliwa mwaka ule, kwenye chumba kisicho na dirisha.

Serikali ndiyo iliyonipeleka, nina cheti kipya na maringo yasiyo na kipimo. Hospitali kubwa ya upande ule ilikuwa ile ya Kabanga, kule Kasulu; yetu ilikuwa hospitali ndogo ya misheni ambayo siku hizi haipo tena, na jina lake sina haja nalo. Wodi mbili, chumba cha upasuaji, jiko refu la mabati ambamo ndugu wa wagonjwa walipika, na mwishoni kabisa, karibu na migomba, chumba changu cha eksirei pamoja na chumba cha giza. Jamani, chumba kile. Taa yake ilikuwa nyekundu na dhaifu, maji yalidondoka mahali fulani ambapo sikupata kupajua, na nje nilisikia watu wakisalimiana kwa Kiha, mwakeye, mwakeye, sauti zinapita ukutani zikiwa zimelainika. Unaitia filamu kwenye dawa, unaitikisa, huoni kitu. Halafu mbavu za mtu zinakuja zenyewe, taratibu, kutoka pasipojulikana. Nimeiona hali hiyo mara elfu nyingi na hadi leo nikifumba macho inanijia. Mchana nilikula na masista: ugali wa muhogo, samaki migebuka walioungwa kwa mawese, sombe, yaani kisamvu, na siku za sikukuu asali ya Kibondo, nyeusi, ndani ya bakuli. Mimi Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, niliyezoea uwele, nilinung'unika miezi miwili ya kwanza, na kuanzia mwezi wa tatu nikawa naongezewa.

Mkuu wa hospitali, kwa maana ya mtu aliyetawala hasa, alikuwa Sista Yustina, Mfipa wa Sumbawanga, mwembamba, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Alikuwa na sheria moja kuhusu picha: filamu ionyeshe kilichoandikwa kwenye cheti cha mgonjwa, basi. Daktari aliyekuwepo kabla, ndivyo nilivyosimuliwa, alikuwa akikimbiza kila kivuli alichokiona, mtu kaja na goti anaondoka na ugonjwa wa pafu, na foleni ikafika barabarani. Kwa hiyo kukaletwa mkasi mkubwa. Ukiandikiwa mkono na bega likaingia pichani, bega unalikata. Ukiandikiwa tumbo na kifua kikajitokeza, kifua unakikata, na hilo lilihesabiwa ni kosa lako la kulenga. Vipande havikutupwa, maana Sista hakutupa kitu. Viliwekwa kwenye debe, na kila Jumamosi niliviosha kwa maji ya moto na magadi mpaka ile picha ikamenyeka, ikabaki plastiki safi ya kuona upande wa pili. Tulivikata vijiutepe, tukavitoboa, tukaandika kwa wino jina la mama na siku, na kila mtoto aliyezaliwa pale alifungwa kimoja mkononi kwa uzi. Nilikuwa najivunia vijiutepe vile kuliko hata picha zenyewe.

Leokadia aliletwa mwanzoni mwa mvua, kutoka Kumsenga, kwa baiskeli iliyosukumwa na mumewe Bukuru. Walikuwa watu wa Burundi, waliovuka mpaka pamoja na wengine wengi na kupewa shamba na jamaa zao wa upande huu. Alikuwa na umri kama wangu, labda miaka miwili zaidi. Miguu yake ilikuwa imevimba na mikono imekonda, na katikati lilikuwapo lile tumbo, limejaa, limekaza, kitovu kimetoka nje. Nyuma yao alitembea mama mkwe wake, mama yake Bukuru, mwanamke mfupi asiye na haraka, na begani amebeba ingobyi, ile ngozi laini ya kubebea mtoto mgongoni, mpya kabisa, imepakwa samli mpaka inang'aa. Nilidhani wamekuja kujifungua. Wauguzi ndio walionieleza kwamba mimba ile ilikuwa na miezi kumi na minne. Mtoto amelala, walisema nyumbani. Amejificha mgongoni, anangoja vita viishe. Hakuna aliyecheka wakati wakisimulia, na mimi mwenye cheti changu nilitabasamu peke yangu.

Daktari wetu alikuwa Mchaga wa Rombo, Daktari Shirima, aliyepelekwa na serikali kama mimi, mkarimu, mwenye haraka, na mwenye kuipenda meza yake ya upasuaji. Akaandika kwenye cheti: tumbo. Nikamwambia Leokadia apande mezani alale chali. Akapanda, akakaa, akanitazama. Nikamwambia alale. Akasema kitu kwa Kirundi, chini chini. Mimi nilikuwa na watu tisa nje, na nasema hapa ukweli jinsi ulivyo: nilimshika mabega nikamlaza kwa nguvu, huku nikimwambia, "Lala, dada, kila mtu hulala." Midomo yake ikageuka rangi. Mishipa ya shingo ikasimama, minene kama vidole, na macho yakatutoka mimi na yeye kwa pamoja. Nikamwinua haraka, akaniegemea kifuani, anatafuta pumzi, na nilimsikia akitetemeka mwili mzima bila kulia. Nikampiga picha amekaa hivyohivyo. Picha ya namna hiyo ilidai utulivu ambao sikuwa nao, na bila shaka nililenga juu.

Kwenye chumba cha giza lile tumbo lilikuja lote kijivu, ukungu mtupu. Na juu yake, lo, sehemu nzima ya kifua, filamu ya upana wa vidole vinne. Moyo ulikuwa umesukumwa juu na yale maji, na chini yake palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, uliojipinda kufuata kitako cha moyo. Nikajisemea, dawa imechoka. Wiki ile tulikuwa tukingoja dawa mpya kutoka Kigoma na kila picha ilitoka na madoa. Nilishukuru, kusema kweli, kwamba doa limeangukia penye kukatwa. Nikakata vidole vinne, nikatupa debeni, nikaandika pembeni: picha nzuri. Daktari Shirima akaiweka dirishani, akasema ni uvimbe mkubwa wa mfuko wa mayai, umejaa maji, na unatoka wote kwa siku moja. Jumatatu asubuhi atampasua. Mama yake Bukuru alipotafsiriwa alilielewa neno moja tu, kwamba Jumatatu kitatolewa kilichomo tumboni. Alipiga magoti palepale kwenye sakafu, akamshukuru daktari kwa mikono miwili.

Jumamosi nilikwenda jiko la ndugu kuchota maji ya moto ya kuoshea vipande. Mvua ilikuwa imekatika, moshi umejaa chini ya mabati, na katikati ya moshi ule niliwakuta wameketi wawili, Leokadia na mama mkwe wake, migongo imeegemeana, kila mmoja anatazama upande wake, sufuria ya maharage inachemka mbele ya mmoja wao. Hawakuniona. Kiha changu kilikuwa cha kuokoteza, Kirundi ndiyo kabisa, lakini lugha hizo ni ndugu na nilikwisha kukaa miezi saba. Leokadia alikuwa akisema ni jambo gani atalifanya kwanza, Jumatatu ikishapita. Mama mkwe akamwambia, utanyonyesha. Akasema hapana, kwanza nitalala chali, hata kidogo tu, nione inakuwaje. Ndipo nikafahamu kutokana na maneno yao kwamba tangu msimu uliopita wa kupanda mahindi alikuwa halali ila ameketi, na kwamba yule mama alikuwa akiketi naye, mgongo kwa mgongo, kila usiku, ili binti asianguke. Hata safarini. Hata katika wodi yetu, na hakuna muuguzi aliyelitia jambo hilo kwenye cheti, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa. Niliondoka na ndoo yangu.

Nikaanza kuosha. Kipande chake kilikuwa cha juu kabisa debeni. Sisi wa kazi hii tuna mtihani wetu mdogo: doa la dawa hung'aa ukiiinamisha filamu, kwa sababu limekaa juu ya ngozi yake. Nilikiinamisha mlangoni penye mwanga. Ule mstari haukung'aa. Nikakigeuza upande wa pili, haukung'aa. Nikapitisha ukucha, sikugusa kitu. Ulikuwa ndani ya picha, ndani ya mtu, umeuzunguka moyo kwa chini kama ganda la yai. Nikakumbuka mabega yake chini ya viganja vyangu, na ile rangi ya midomo yake.

Sasa nielewe vizuri, msomaji. Nilikuwa katika kipindi cha majaribio. Nilikwisha kuunguza filamu mbili kwa kufungua mlango kabla ya wakati, na Sista alinitamkia wazi kwamba kosa la tatu linakwenda wilayani kwa barua. Kutokea pale ningerudishwa Kondoa, ambako kulikuwa na mtu amekwisha kuniposa na ambaye sikutaka hata kuuona uso wake. Ukilionyesha hili, nilijiambia, unasema kwa mdomo wako kwamba hukulenga, kwamba hukuijua picha yako, na kwamba uliandika picha nzuri. Na wewe ni nani? Daktari hakukuuliza kuhusu moyo. Basi nikakitia kile kipande kwenye maji ya moto. Hilo sikupata kumwambia mtu, si Sista, si daktari, wala marehemu mume wangu. Nilisimama nikakiona kikizama. Sijui nilisimama kwa muda gani, pengine ni pumzi tano, pengine kumi. Kisha nikatia mkono mzima nikakitoa, na mkono ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Pembe moja ya picha ilikuwa imeanza kumenyeka. Mstari ulikuwapo.

Daktari Shirima nilimkuta nyumbani kwake, anasikiliza mpira redioni. Nilimweleza kila kitu isipokuwa yale maji, ingawa nilikuwa natiririka maji. Alizima redio, akanitangulia hadi hospitali, akalitoa tumbo la Leokadia kwenye bahasha, akalipachika dirishani, na juu yake akakiweka kile kipande. Vikaungana. Kwa mara ya kwanza mtu mzima akaonekana, tumbo na kilicholijaza. Daktari akaufuata ule mstari kwa kidole. Halafu akaenda wodini, akamsikiliza Leokadia kifuani muda mrefu, akamtazama shingo, akamkandamiza ini na kuitazama shingo tena. Aliporudi alikuwa amekaa kinyonge. "Moyo umevaa ganda," akasema. "Kifua kikuu hufanya hivi. Hauwezi kutanuka, ndiyo maana damu inarudi nyuma na maji yanajaa chini. Hakuna uvimbe wowote." Nikamwuliza, na Jumatatu? "Jumatatu ningemlaza chali, ningempa dawa ya usingizi, na ningemuua kabla sijashika kisu."

Sista Yustina alipoelezwa hakunigombeza. Nilimngoja anigombeze, ingekuwa nafuu. Aliniuliza swali moja, tangu mkasi uletwe ni Jumamosi ngapi zimepita. Tuliwaza jambo lilelile, sisi wawili tumesimama juu ya debe: watoto wa Busunzu na Kumsenga na vijiji vyote vile, walioondoka wamefungwa mkononi vijiutepe safi, na kwenye vijiutepe vile, kabla sijaviosha, kulikuwa na nini, na cha nani. Hadi leo, nikiwa nusu usingizini, huviona vinaelea majini na kumenyeka, na mimi nanyoosha mkono. Sista aliuchukua mkasi akaufungia kabatini mwake. Barua haikuandikwa. Siku tisa hakuzungumza na mimi mezani, na siku ya kumi akanisogezea bakuli la asali bila kunitazama.

Kazi ya kumwambia mama yake Bukuru ilinidondokea mimi, kwa kuwa daktari alisema aliyeiona picha ndiye aieleze. Nilikaa chini naye jikoni. Nilimwambia kwa Kiswahili na kwa vipande vya Kiha kwamba tumbo limejaa maji, kwamba maji yanatoka moyoni, kwamba mkwewe anaumwa moyo na atatibiwa mbali. Alisikiliza. Akauliza, "Na mtoto?" Nikamwambia hakuna mtoto, mama. Hakukuwepo. Aliitoa ile ingobyi begani, akaiweka mapajani, akawa anaikunja taratibu, mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo ya kukaa viganjani. Nilitamani anitukane. Akasema, "Basi nitambeba huyu aliyepo. Mwana wanje, mwanangu, ni huyu." Kisha akaniuliza ni saa ngapi za safari, na kama kwenye treni kuna mahali pa kuketi wawili.

Leokadia alipewa dawa za kifua kikuu miezi miwili, na vibali vya kutoka wilayani vikahangaikiwa, maana mkimbizi hakutembea hivihivi. Siku ya kuondoka walipanda basi la Kasulu kwenda Kigoma kukamata treni ya kwenda hospitali ya rufaa, Bukuru, mama yake, na yeye katikati. Daktari aliandika barua ya kurasa tatu. Picha niliiunga mwenyewe kwa plasta ya vidonda, tumbo na kile kipande chenye pembe iliyomenyeka, nikaitia kwenye bahasha moja. Baada ya hapo kimya. Mvua zikanyesha, zikakoma, watu wakaambiwa wahamie vijiji vipya, nyumba zikabomolewa huku na kusimamishwa kule, na mimi niliendelea kuleta mbavu za watu kutoka kwenye dawa, sasa bila kukata kitu, kila picha na juu yake na pembeni yake. Nilijua kwamba huko walikokwenda wangemfungua kifua na kulimenya lile ganda kutoka kwenye moyo unaopiga, na kwamba wengi hawaamki. Kila basi likiingia nilijikuta nimesimama mlangoni.

Walikuja katikati ya kiangazi, mchana wa joto, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Leokadia sikumtambua. Nilimtambua mama mkwe, na kando yake mwanamke mwembamba mwenye tumbo bapa, anatembea kwa miguu yake na mzigo kichwani. Aliniamkia, akafungua kidogo shingo ya gauni akanionyesha mwanzo wa kovu, tukatazamana, na mimi niliyekuwa nimejiandalia maneno mengi nikalia tu. Bukuru alikuwa amekwenda kutafuta baiskeli, wangengoja mpaka jioni, kwa hiyo niliwachukua chumbani kwangu. Niliwapa uji. Leokadia alikitazama kitanda changu, akaniuliza kwa macho, nikamwambia karibu. Akapanda, akajinyoosha, akalala chali, mikono kando, bila mto. Tukamtazama kifua kikipanda na kushuka, mwepesi, na kabla uji haujapoa alikuwa usingizini.

Mama yake Bukuru aliketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Nilimwambia na yeye ajilaze, safari ilikuwa ndefu. Akajilaza, akageuka huku, akageuka kule, akainuka tena akaketi. Aliniambia kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu binti atoke hospitali. "Yeye analala vizuri. Mimi ndiye siwezi tena." Alisema hivyo akitabasamu, kwa aibu, kama mtu aliyekutwa na kosa dogo. "Mgongo wangu unamtafuta," akasema.

Nilitakiwa kazini saa nane. Nilivua viatu, nikaketi nyuma yake kwenye mkeka, nikaegemeza mgongo wangu kwenye mgongo wake. Alikuwa na mifupa mingi na joto. Alijisogeza kidogo, akapata mahali pake, na baada ya muda si mrefu nikasikia kichwa chake kinashuka begani kwangu, kizito, amelala. Mtu aliniita kutoka uani, mara mbili, na sikuitika.